Farasi Dume na Majira ya Mwaka: Juu ya Nini Mbegu Zake Zinaongezeka na Kupunguka?



Katika toleo hili ukurasa wa sayansi umepewa sisi wa darasa la sita, Biolojia na Kemia. Tumechagua kueleza jambo moja ambalo kitabu chetu cha biolojia kinalitaja kwa mstari mmoja tu na kupita: kwamba farasi dume ana majira yake, maana nguvu yake ya uzazi inapanda wakati wa siku ndefu na kushuka wakati wa siku fupi. Wenzetu wa darasa la tano waliuliza juu ya nini tusome habari za farasi, nyama ambaye wengi wetu tumemwona katika picha tu. Ni swali la haki. Jibu letu ni hili: mbuzi wa shamba la masomo hawawezi kutuonyesha kazi ya mwangaza ndani ya mwili, sababu hapa kwetu mwangaza haubadiliki. Farasi wa Ulaya anaionyesha wazi. Na ukiisha kumsikia farasi, utarudi kwa mbuzi na ng'ombe wa nyumbani na kuwatazama kwa macho mengine.

Wadogo wetu wa darasa la kwanza, malizeni kicheko sasa, ndipo msome. Habari hizi ni za shamba na za laboratwari, na ziko katika programu.

Tuanze na farasi jike, kwa maana habari ya dume haieleweki bila yeye. Mimba ya farasi inachukua karibu siku 340, ni kusema miezi 11. Katika Uingereza, Ufaransa na Ujerumani mwezi wa 12 na wa 1 ni wakati wa baridi kali na majani hayaoti. Mtoto akizaliwa siku hizo, mama yake hana chakula kibichi cha kutengeneza maziwa, na mtoto mwenyewe anatetemeka. Lakini akizaliwa mwezi wa 4 au wa 5 anakuta majani mapya na jua. Fanya hesabu sasa: ili mtoto azaliwe mwezi wa 4, mama lazima ashike mimba mwezi wa 5 wa mwaka uliotangulia. Ndiyo sababu mwili wa jike unafungua mlango wakati siku zinarefuka na kuufunga wakati siku zinafupika. Wakati wa baridi majike wengi hawatoi yai hata moja; mifuko yao ya mayai inalala kama mtu aliyefunikwa na blanketi.

Dume yeye haufungi mlango kabisa. Hapo ndipo watu wengi wanachanganya. Farasi dume mzima anatengeneza mbegu mwaka mzima, mwezi wa 12 kama mwezi wa 6, na jike mwenye yai tayari anaweza kupata mimba kwake hata wakati wa theluji. Kinachobadilika ni kipimo: hesabu ya mbegu, wingi wa maji yanayozibeba, ukubwa wa korodani, homoni katika damu, na hamu yake mwenyewe ya kumpanda jike. Yote hayo yanapanda na kushuka pamoja na urefu wa siku, kama maji ya mto yanavyofuata mvua, lakini mto huu haukauki.

Wapimaji wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, katika Marekani, walifanya kazi hii kwa miaka mingi, zaidi katika miaka ya 1970 na 1980. Walichukua shahawa za madume mwezi kwa mwezi na kuhesabu. Walikuta kwamba mbegu ambazo dume anatoa mara moja wakati wa baridi ni karibu nusu ya zile anazotoa katikati ya majira ya kuzaana, tuseme toka mwezi wa 5 hadi wa 7. Nusu nzima! Tena wakati wa baridi dume anachelewa: anasimama karibu na jike, anafikirifikiri, anapanda na kushuka bila kumaliza kazi, na inabidi ajaribu mara nyingi zaidi. Mchungaji wa farasi asiyejua jambo hili anaweza kusema nyama yake amelogwa au amezeeka.

Ili tusikilizane juu ya hesabu, tutoe vipimo. Farasi dume anatoa kwa mara moja maji kama mililita 50 hadi 100, na ndani yake mbegu miliari kadhaa. Mara nyingi zinakuwa kati ya miliari 5 na 15. Miliari moja ni milioni elfu moja. Ng'ombe dume anatoa mililita chache tu, lakini za kwake ni nzito, zimejaa mbegu. Kwa farasi kuko pia sehemu moja ya ute mzito, kama ute wa yai bichi, ambao unatoka katika tezi za pembeni. Ute huu unaongezeka sana katika majira ya siku ndefu. Munganga wa nyama anauchuja mbele ya kupima, maana mbegu zinanaswa ndani yake. Ni kusema, ukiona chupa imejaa usifurahi upesi. Mbegu hazihesabiwi kwa macho, zinahesabiwa kwa mikroskopi.

Sasa tuingie ndani ya kichwa cha farasi, kwa sababu kazi inaanzia huko.

Mwangaza unaingia kwa jicho. Nyuzi za neva zinapeleka habari katika sehemu ya chini ya ubongo inayoitwa ipotalamasi, na kutoka hapo habari inazunguka mpaka kufika kwenye tezi ndogo sana, tezi ya pineali. Tezi hii inafanya kazi usiku. Giza likiingia inamwaga katika damu homoni inayoitwa melatonini. Mwangaza ukirudi inanyamaza. Usiku wa masaa 16 unaleta melatonini kwa muda mrefu, usiku wa masaa 8 kwa muda mfupi. Hivi ndivyo mwili unavyojua tarehe bila kalenda: haupimi jua, unapima urefu wa usiku.

Katika farasi, melatonini ya muda mrefu inashikisha breki. Ipotalamasi inapunguza homoni yake ya kuamsha, ile ambayo wataalamu wanaiita kwa kifupi GnRH. Tezi ya pituitari, ambayo iko chini yake na inangojea amri, inapunguza nayo homoni zake mbili, LH na FSH. LH ikipunguka, seli za Leidigi katika korodani zinatengeneza testosteroni kidogo. FSH na testosteroni zikipunguka, seli za Sertoli zinalegea, na hizo ndizo walezi wa mbegu. Kila seli ya Sertoli inalea kundi lake, na haiwezi kulea zaidi ya kipimo chake. Watafiti wa Texas waliandika katika mwaka 1983 kwamba hata hesabu ya seli za Sertoli katika korodani za farasi mzima ni kubwa zaidi katika majira ya kuzaana. Walezi wakiongezeka, watoto nao wanaongezeka.

Mwanafunzi anayependa kukariri atasema: basi melatonini ni homoni ya kuzuia uzazi. Hapana! Hapa ndipo egzameni inaangusha watu. Chukua kondoo na mbuzi wa Ulaya. Wao wanasikia usiku uleule, melatonini ni ileile, lakini kwao usiku mrefu ndio unaoamsha uzazi. Beberu wa Ulaya anaanza kunuka na kupiga kelele wakati siku zinafupika, mwezi wa 9 na wa 10. Juu ya nini? Rudi kwenye hesabu ya mimba. Mbuzi anabeba karibu siku 150, miezi 5. Akishika mimba mwezi wa 11 anazaa mwezi wa 4. Farasi anaanza mwezi wa 5 na kumaliza mwezi wa 4; mbuzi anaanza mwezi wa 11 na kumaliza mwezi wa 4. Wametoka njia mbili na wamekutana kwenye majani mabichi. Melatonini yenyewe haisemi ndiyo wala hapana. Inasema tu usiku ni mrefu kiasi gani, na kila aina ya nyama inajijibia.

Tunakuja sasa kwenye jambo ambalo kwetu ni kubwa kupita yote, tena ndilo linaloleta hasara kwa watu wenye farasi: wakati wa kutengeneza mbegu.

Mbegu moja ya farasi haitengenezwi siku moja. Toka seli ya kwanza inapoanza kugawanyika ndani ya korodani mpaka mbegu yenye mkia inakamilika, zinapita siku 57. Kisha mbegu inaingia katika mfereji mrefu uliojikunja nyuma ya korodani, unaoitwa epididimisi, na huko inapita kama juma moja au zaidi kidogo. Ndani ya mfereji huo inajifunza kuogelea. Jumla yake ni siku 65 hivi. Tunaomba ushike namba hiyo. Mbegu ambayo munganga anaitazama katika mikroskopi tarehe 1 mwezi wa 3 ilianza kutengenezwa karibu na Noeli. Ilianza wakati siku ni fupi kabisa, na homoni ziko chini. Kwa hiyo shahawa haituambii hali ya dume leo. Inatuambia hali yake ya miezi miwili iliyopita. Ni kama barua ya posta.

Angalia matokeo yake. Tuseme tajiri mmoja anataka kununua farasi dume kwa feza nyingi. Anamwita munganga mwezi wa 1 ili apime. Munganga anahesabu na kukuta mbegu nusu ya zile alizotarajia. Tajiri anakataa, muuzaji anapata haya, na dume anauzwa kwa bei ya chini au anahasiwa. Mwezi wa 6 dume huyo angeonyesha mbegu mara mbili. Na kosa la upande wa pili ni baya vilevile: dume dhaifu kwa kweli, aliyepimwa mwezi wa 6 wakati yuko juu kabisa, anaonekana wa kutosha, ananunuliwa, anapewa majike wengi mwezi wa 2 mwaka unaofuata, na anashindwa. Kwa hiyo karatasi ya kupima bila tarehe ya kupima haina maana. Sisi tungeandika tarehe kwa herufi kubwa kupita jina la farasi.

Wataalamu wanajua hatari hii na wana desturi yao. Wanampumzisha dume kwa juma moja hivi, kisha wanachukua shahawa mara mbili, saa moja kati ya mara ya kwanza na ya pili. Ya pili inapaswa kuwa na mbegu karibu nusu ya ile ya kwanza. Wanataka ile ya pili iwe na mbegu zisizopungua miliari moja, zenye umbo zuri na zinazokwenda mbele, majira yoyote yawayo. Wengine wanapenda njia ya uvumilivu: kuchukua kila siku kwa siku 5, 6 au 7, mpaka akiba ya zamani katika mifereji imalizike na hesabu isimame pahali pamoja. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo kazi ya kweli ya korodani kwa siku. Ni sawa na mtu anayetaka kujua chemchemi inatoa maji kiasi gani: lazima kwanza amwage maji yaliyokuwa katika mtungi.

Je, na ubora wa mbegu? Hapa lazima tutenganishe mambo mawili ambayo vitabu vingi vinaweka katika mfuko mmoja. Hesabu ya mbegu inafuata majira kwa nguvu. Lakini mwendo wa mbegu, ni kusema ni mbegu ngapi katika mia zinaogelea mbele sawasawa, haubadiliki kwa nguvu ileile. Kwa dume mwenye afya tofauti inakuwa ndogo. Ndiyo maana wakati wa baridi mimba hazikosekani kwa kosa la dume zaidi. Zinakosekana kwa sababu jike hana yai. Ukipata jike mwenye yai na ukatumia mbegu milioni 500 zinazokwenda vizuri, kipimo ambacho watu wengi wanatumia wakiingiza shahawa mbichi kwa mpira, mwezi wa 1 hautakuzuia. Shida ni kwamba mwezi wa 1 shahawa moja inatosha majike wachache kuliko mwezi wa 6. Dume mwenye majike watano hataona tofauti. Dume mwenye majike mia ataiona.

Na wako wenye majike mia na zaidi! Ni wale farasi wa mashindano ya mbio, ambao Waingereza wanawaita Thoroughbred. Kwao binadamu ameingilia kati kwa namna ya ajabu. Sheria ya mbio inasema kila farasi wa upande wa kaskazini wa dunia anapata mwaka mmoja zaidi tarehe 1 mwezi wa 1, hata kama alizaliwa tarehe gani. Mtoto aliyezaliwa tarehe 31 mwezi wa 12 anahesabiwa ana mwaka mmoja kesho yake, masikini, na atakimbia na wale wanaomzidi karibu mwaka mzima. Kwa hiyo wenye farasi wanataka watoto wazaliwe mwezi wa 1 au wa 2, na kazi ya kupandisha wanaianza katikati ya mwezi wa 2, wakati majike wamelala bado na madume hawajafika hata karibu na kilele chao. Mwili wa farasi unasema mwezi wa 5, feza zinasema mwezi wa 2. Tena shirika lao linakataza kabisa kuingiza shahawa kwa mpira. Lazima dume ampande jike mwenyewe. Dume anapewa kazi nyingi kabisa katika miezi ambayo ghala yake haijajaa.

Walifanya nini? Wakaleta taa. Jike anawekwa katika nyumba yenye taa toka mwanzo wa mwezi wa 12, ili mwangaza wa jua na wa taa ufike masaa 16 kwa siku. Tezi ya pineali inadanganyika, inafikiri ni mwezi wa 5, na nyuma ya siku 60 au 70 jike anatoa yai. Kwa majike njia hii inafaa sana, na imekuwa desturi.

Kwa madume habari ni tofauti kidogo, na sisi tunaiona ndiyo nzuri kupita zote. Kule Colorado, kati ya mwaka 1982 na 1984, waliwaweka madume kwanza katika mwangaza wa masaa 8 tu kwa siku, majuma kama 20, kisha mwanzo wa mwezi wa 12 wakawapa masaa 16. Korodani zikakua mapema, mbegu zikapanda mapema, kilele kikafika mwezi wa 2 badala ya kungojea katikati ya mwaka. Wakashangilia? Ngoja. Taa zilibaki zinawaka masaa 16, lakini madume wakaanza kushuka, wakati wale wa nje waliofuata jua walikuwa wanapanda. Mwili ulichoka kusikiliza taa. Kumbe ndani ya farasi kuko saa nyingine, ya mwaka mzima, ambayo mwangaza unaweza kuisogeza mbele au nyuma lakini hauwezi kuisimamisha. Mwenye dume anayewasha taa ananunua mwezi wa 2 kwa kuuza mwezi wa 6. Kama kazi yake inamalizika mwezi wa 4, amefanya biashara nzuri. Kama inaendelea hadi mwezi wa 7, amejidanganya.

Kuna na wale wanaosafiri. Upande wa kusini wa dunia majira yamegeuka, na katika Australia siku ya kuzaliwa ya farasi wote ni tarehe 1 mwezi wa 8. Basi tangu mwisho wa miaka ya 1980 matajiri wanawapakia madume katika ndege: toka mwezi wa 2 hadi wa 6 wanafanya kazi Ulaya au Marekani, kisha wanaruka mpaka Australia kuanza tena mwezi wa 9. Dume mmoja wa sifa, Danehill, alianza safari hizo mwaka 1990 na alizaa watoto wa mashindano pande zote mbili mpaka alipokufa katika Ireland mwaka 2003. Dume wa namna hiyo hakutani na baridi ya kweli. Anatoka katika siku ndefu na kuingia katika siku zinazorefuka. Ameishi karibu bila majira ya siku fupi.

Tuseme neno juu ya shahawa zinazogandishwa, maana mwalimu mmoja alituuliza. Mtoto wa kwanza wa farasi kwa mbegu zilizogandishwa alipatikana katika Kanada, na habari yake iliandikwa mwaka 1957. Leo mbegu zinachanganywa na maji ya sukari, maziwa au kiini cha yai, pamoja na gliserini, zinafungwa katika mirija myembamba, na kuwekwa katika azoti ya maji kwa digri 196 chini ya sufuri. Zinaweza kukaa miaka. Wengi wa Ulaya wanagandisha katika miezi ambayo dume hana majike, ni kusema toka mwezi wa 9 mpaka wa 1. Utasema: lakini ni wakati wa mbegu kidogo! Ndiyo, ni kidogo. Lakini kugandisha hakutaki wingi tu, kunataka mbegu yenye ngozi ngumu inayovumilia baridi, na katika Uswisi watafiti walionyesha mwaka 2003 kwamba shahawa zilizochukuliwa wakati majani yanapukutika zilivumilia vizuri. Watafiti wengine wamepata majibu tofauti, na dume mmoja anatofautiana na mwingine kuliko mwezi mmoja na mwingine. Kuko madume wazuri sana kwa majike, lakini mbegu zao hazipendi azoti hata kidogo.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tunakaa karibu na mstari wa ekwatori. Hapa mchana ni masaa 12 na dakika chache, mwezi wa 6 kama mwezi wa 12. Tofauti haifiki hata dakika 5. Ndugu zetu wa Lubumbashi, ambao wako mbali zaidi kusini, wanapata tofauti inayozidi saa moja kidogo. London inapita toka masaa karibu 8 mpaka masaa 16 na nusu. Kwa hiyo mbuzi wetu hapati barua yoyote kutoka kwa jua, na anazaa mwezi wowote. Farasi hapa kwetu ni wachache, kwa sababu ya ndorobo zaidi, lakini Ethiopia, inayopita nchi zote za Afrika kwa wingi wa farasi, nayo iko karibu na ekwatori kuliko Ulaya, na huko tofauti ya mchana na usiku ni ndogo.

Usidhani basi kwamba dume wa kwetu hana majira. Ana majira mengine. La kwanza ni chakula: mwisho wa kiangazi majani ni makavu, dume anakonda, na mbegu zinapunguka nyuma yake. La pili ni joto. Korodani zinaning'inia nje ya tumbo kwa sababu zinataka digri 3 hadi 5 chini ya joto la mwili. Dume akifungwa kwenye jua bila kivuli, au akipata homa ya siku tatu, mbegu zilizokuwa njiani zinaharibika. La tatu ni magonjwa ya ndorobo yenyewe, ambayo kwa ng'ombe na mbuzi yanaweza kuharibu hata korodani, mbali ya damu.

Na hapo ile namba 65 ya farasi inatufundisha. Kwa ng'ombe na mbuzi siku zinatofautiana kidogo, lakini hesabu ni karibu ileile, kama miezi miwili. Dume aliyepona homa leo, anayekula na kuruka, anaweza kubaki bila mbegu nzuri kwa majuma mengi. Mwenyewe anaona dume ana nguvu, anapanda vizuri. Anaona jike hashiki mimba. Na hukumu yake inatoka haraka: jike ni tasa, auzwe. Katika vijiji vyetu tumeona ng'ombe jike akipelekwa sokoni namna hiyo, na kwa bwana mpya akazaa mwaka huohuo. Hakuna aliyeuliza dume alikuwa na nini miezi miwili mbele ya hapo. Na tuseme wazi, ingawa si habari ya farasi: hukumu ya namna hiyo haitolewi kwa ng'ombe peke yake. Mama ngapi wamerudishwa kwao bila bwana kupimwa hata mara moja?

Kwa shamba la masomo tumeomba ruhusa kwa Bwana Prefe, naye amekubali, kwamba kila beberu awe na ukurasa wake katika daftari: siku aliyougua, siku aliyopewa dawa, siku alizofungwa juani wakati wa kazi, na tarehe aliyopandisha. Kila mbuzi jike naye ataandikwa tarehe ya kuzaa. Hapo tunatoa siku 150 na kujua alishika mimba lini, kisha tunatoa siku 60 nyingine na kutazama beberu alikuwa katika hali gani. Daftari iko katika chumba cha vyombo, karibu na majembe. Wanafunzi wa zamu ya shamba, kalamu imefungwa kwa kamba. Tunaomba isihamie darasani.